Mashine ya barafu kwenye friji imegoma? Anza na maji

Friji kubwa yenye mashine ya barafu ndani si kitu cha ajabu tena Dar es Salaam, Unguja, Mombasa wala Nairobi. Nyingine zinanunuliwa mpya dukani, nyingine zinashushwa mtumba kutoka Dubai, nyingine zinafika ndani ya kontena la ndugu aliyekuwa akiishi Marekani. Inafanya kazi vizuri miezi kadhaa, kisha siku moja unavuta ndoo ya barafu unaikuta tupu. Hapo ndipo hela huanza kupotea: mwenye friji anaambiwa anunue mashine nzima ya barafu, anafungiwa mpya, na barafu haitoki vilevile.

Msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba zetu, mashine yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Friji hizi zimebuniwa kwa nyumba ambazo maji ya bomba yanakuja kwa nguvu mchana na usiku, na umeme haukatiki ovyo. Wengi wetu tunatumia maji ya tanki lililo juu ya mnara, au ya kisima chenye chumvi, na umeme unakwenda na kurudi. Ukifuata njia ya maji kuanzia kwenye koki hadi kwenye trei, mara nyingi utalikuta tatizo kabla hujafika kwenye mashine, na kulitatua kutakugharimu kidogo sana.

Inavyofanya kazi

Nyuma ya friji, upande wa chini, kuna valvu ndogo ya umeme iliyoungwa na mpira mwembamba wa maji, kwa kawaida wa robo inchi. Mashine ikihitaji maji, umeme unafika kwenye valvu, valvu inafunguka kwa sekunde chache, maji yanapita kwenye filta na mrija hadi kwenye trei iliyo ndani ya friza. Kwenye mashine za kawaida za mtindo wa zamani, valvu hukaa wazi kama sekunde 7 na nusu, na kinachoingia ni kama mililita 140 tu. Hayajazi hata kikombe cha chai. Kumbuka kiasi hicho, maana kitatusaidia mbele.

Trei ikipoa hadi nyuzi 8 au 9 chini ya sifuri, thamostati inatambua kwamba barafu imeshika. Hita iliyo chini ya trei inawaka kidogo kuzilegeza kingo, meno yanazunguka na kusukuma vipande ndooni, kisha maji mengine yanaingia. Mkono wa waya huinuka na kushuka kila mzunguko kupima ndoo. Ukikuta barafu imefika juu, mashine inasimama. Friji nyingi za miaka ya karibuni hazina hita wala meno: trei ya plastiki inajipindua, inajikunja, vipande vinadondoka. Nyingine hazina waya, zinatumia senso ya mwanga.

Mzunguko mmoja huchukua kati ya saa moja na nusu na saa 3, na kwa siku nzima mashine ya kawaida hutoa kilo moja na nusu hivi. Kwa hiyo kama jana ulimaliza ndoo yote kwenye sherehe na leo asubuhi ina vipande vichache, hakuna kilichoharibika. Friji iliyowashwa kwa mara ya kwanza, au iliyohamishwa, ipe saa 24 kabla hujailalamikia.

Kabla hujagusa chochote

Chomoa plagi ukutani. Kuzima kwenye kitufe cha friji hakutoshi, kwa sababu hapa utashika maji na umeme kwa pamoja. Funga koki ya maji. Usiingize mkono kwenye meno ya mashine ikiwa na umeme, na usiguse sehemu ya chini ya trei mara tu baada ya kudondosha barafu, kwa kuwa hita huiacha ya moto.

Na tafadhali, usichokonoe barafu kwa kisu au bisibisi. Nyuma ya ile plastiki nyeupe hupita mabomba ya gesi. Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto, na hata kwenye friji za gesi nyingine, tundu moja dogo linageuza tatizo la barafu kuwa tatizo la friji nzima.

Hatua ya 1: Je, imewashwa?

Hii ni ya dakika moja. Kama mashine yako ina mkono wa waya, mkono ukiwa juu maana yake imezimwa, ushushe. Mtu anayepanga nyama kwenye friza anaweza kuuinua bila kujua, au fuko la samaki likausukuma. Kama ina swichi pembeni, hakikisha iko upande wa kuwasha. Kama kuna kioo cha maandishi mlangoni, angalia usiwe umebonyeza kitufe cha kuzima barafu, au kufuli ya watoto. Sukuma ndoo hadi mwisho wake, kwani baadhi ya friji hazitengenezi barafu ndoo ikiwa haijakaa sawasawa.

Kama ndani ya ndoo barafu ipo ila haitoki mlangoni, hilo ni tatizo jingine kabisa. Vipande vimegandamana, au mota inayozungusha parafujo kubwa ya ndoo haifanyi kazi, au swichi ya mlango haibonyezwi mlango unapofungwa. Toa ndoo, mwaga bonge kwenye sinki, kausha, rudisha, jaribu tena. Kwa wengi inaishia hapo.

Hatua ya 2: Pima ubaridi

Friza inatakiwa iwe na nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikiwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, nyama itaonekana imeganda na utadhani mambo ni shwari, lakini trei itachukua muda mrefu sana kufika kiwango cha kudondosha, au haitafika. Tafuta kipimajoto cha friji, kiweke katikati ya vitu vilivyoganda, funga mlango ulale nacho hadi asubuhi.

Friza ikiwa na joto, tatizo liko huko, achana na mashine kwanza. Angalia raba ya mlango: bana noti kati ya mlango na fremu, ivute, ikitoka bila kukaza, raba imelegea au ina uchafu. Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vuta friji itoke ukutani, ufagie vumbi kwenye mabomba ya kupoza na kwenye feni ya chini; kwa mitaa yenye vumbi, au nyumba inayopikia mafuta mengi karibu na friji, pale nyuma hushika utando mzito. Usiizibe friza kwa mizigo hadi juu, maana hewa ya baridi inatoka kwenye matundu na lazima ipate njia. Ukiona ukuta wa nyuma wa friza umejaa theluji nene, mara nyingi mfumo wa kuyeyusha barafu ndio umekufa. Hiyo ni kazi ya fundi friji.

Hatua ya 3: Presha ya maji

Hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka.

Maelekezo ya friji nyingi za aina hii yanataka maji yafike kwa presha isiyopungua baa 1.4 (baa ni kipimo cha presha), na isizidi baa 8 hivi. Kwenye vitabu vya Marekani utaona imeandikwa 20 hadi 120 psi, kipimo cha presha cha huko. Nyingine zinataka zaidi ya hapo, kwa hiyo soma kitabu cha friji yako. Sasa fanya hesabu ya tanki lako. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani baa 1. Mnara wa mita 3, ukiongeza kimo cha maji ndani ya tanki, unakupa mita 4 au 4 na nusu. Hiyo ni baa 0.4. Hata thuluthi moja ya kinachotakiwa haifiki, na bado hujatoa kinachopotea kwenye kona za mabomba na filta.

Ndiyo maana kwenye jengo la ghorofa lenye tanki juu ya paa, jirani wa chini anapata barafu hadi anagawa, na wewe wa juu kabisa, mwenye friji ileile, hupati. Wote wawili friji zao ni nzima.

Kupima hakuhitaji vifaa. Kama friji ina sehemu ya kuchotea maji mlangoni, chukua kikombe chenye alama za vipimo, bonyeza, uhesabu sekunde 10 kwa simu. Yakitoka mililita 170 au zaidi, presha inatosha. Yakitoka nusu ya hapo, au yakidondoka kama uzi, umepata pa kuanzia. Kisha toa filta, weka kile kizibo kilichokuja na friji cha kutumia bila filta, urudie kupima. Yakiongezeka sana, filta imeziba. Yakibaki vilevile, shida iko nyuma yake.

Friji isiyo na sehemu ya maji mlangoni, fungua mpira wa maji nyuma, uelekeze kwenye ndoo, fungua koki. Maji yanatakiwa yaruke kwa nguvu. Yakianguka taratibu mbele ya mdomo wa mpira, hakuna mashine ya barafu utakayonunua itakayoridhika nayo.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalisemi. Presha ndogo hupunguza maji, na pia huifanya valvu ivujishe. Valvu hizi hujifunga kwa msaada wa nguvu ya maji yenyewe kuusukuma mpira wake wa ndani ukalie mahali pake. Maji yakiwa dhaifu, mpira haukai vizuri, na baada ya valvu kufungwa maji yanaendelea kudondoka tone baada ya tone. Tone linafika kwenye mdomo wa mrija ndani ya friza, linaganda. Kesho lingine. Baada ya siku kadhaa mrija umezibwa na kijiti cha barafu, na hapo hakiingii kitu tena. Fundi anakuja, anayeyusha, barafu inatoka wiki moja, inakata. Anabadilisha mashine, inatoka wiki moja, inakata. Kumbe dawa ilikuwa pampu.

Ukinunua pampu ya kuongeza presha, chagua kwa makini. Zipo zinazowaka zikihisi maji yanatembea, na zipo zinazowaka zikihisi presha imeshuka. Mashine ya barafu inavuta mililita 140 ndani ya sekunde 7 na nusu, mtiririko mdogo mno, na pampu nyingi za aina ya kwanza hazishtuki kwa kiasi hicho. Unafungua bomba la bafuni pampu inanguruma, mashine ya barafu inaomba maji pampu imelala. Nunua ya swichi ya presha, yenye mtungi mdogo wa kuhifadhi presha pembeni. Baa 2 au 3 zinatosha kabisa. Fundi bomba akufungie na koki ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Wenye mtambo wa kuchuja maji chini ya sinki, ule wa utando unaotoa chumvi, wajue kwamba huo nao unakula presha, na maji yanayotoka upande wa pili hutoka kwa udhaifu. Hapo friji ilishe kutoka kwenye mtungi wa presha wa mtambo wenyewe, na mtungi uwe umejaa hewa ya kutosha. Usitumie filta ya friji pamoja na mtambo huo; weka kizibo. Kuchuja mara mbili hapo hakukuongezei kitu, kunakupunguzia maji tu.

Hatua ya 4: Tope, chumvi na hewa

Filta ya friji kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 6. Kwa maji ya tanki lisiloshwa mara kwa mara, haifiki. Maji yakikatika na kurudi, yale ya mwanzo hubeba tope la kwenye mabomba, na lote linaishia kwenye filta. Kinachosaidia sana ni kufunga filta ya kawaida ya nyuzi, zile nyeupe za bei nafuu, kabla ya maji kufika kwenye friji, na kubadilisha hiyo mara nyingi. Itabeba tope, na ile ya bei mbaya itadumu.

Baada ya kubadilisha filta, au baada ya tanki kukauka, hewa hubaki ndani ya mrija. Utasikia maji yanakohoa mlangoni. Yachote na kuyamwaga, lita 10 hivi, mpaka yatoke mfululizo bila kukatika.

Sasa chomoa plagi, funga koki, fungua mpira kwenye valvu ya nyuma. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha wavu. Kwenye nyumba ya maji ya kisima nimekuta wavu huu umefunikwa na utando wa rangi ya kutu, mgumu, unaokwaruzika kwa kucha. Maji yalikuwa yanapenya kwenye matundu mawili matatu tu ya pembeni. Mwenye nyumba alikuwa tayari ameshalipia mashine mpya. Safisha wavu kwa mswaki laini na maji. Chumvi ikiwa imekomaa, loweka kwa siki. Usiutoboe kwa sindano, na usifunge mpira wa maji bila kuurudisha wavu, maana uchafu ukiingia ndani ya valvu, valvu haitafunga tena.

Angalia pia mpira wenyewe. Friji inaporudishwa ukutani, mpira hubanwa na kupindika bila mtu kuona. Uache mrefu wa kutosha, uuviringishe kwa duara pana.

Hatua ya 5: Mrija ulioganda

Toa ndoo, washa tochi ya simu, tazama nyuma ya mashine kwa juu. Kuna kikombe kidogo au mdomo wa mrija unaomwagia maji kwenye trei. Ukiona barafu ndani yake, umempata mhalifu.

Njia salama ni kuchomoa friji, kuhamishia vyakula kwenye boksi la kuhifadhia baridi, kuacha mlango wazi saa kadhaa, na taulo chini. Ukitaka haraka, tumia bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa, unyunyize maji ya uvuguvugu kwenye mdomo wa mrija kidogokidogo huku ukiyakinga. Draya ya nywele inafaa ikiwa kwenye joto la chini na mbali kidogo, isitulie sehemu moja, plastiki isije ikajikunja. Na kama kuna maji yanadondoka, usiitumie kabisa.

Ukishayeyusha, washa friji, zima mashine ya barafu, fungua koki, uweke kipande cha karatasi kavu ya shashi chini ya mdomo wa mrija kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, valvu inavuja. Rudi hatua ya 3 upime presha. Presha ikiwa nzuri na bado inavuja, badilisha valvu. Ni kipuri kidogo chenye skrubu mbili au tatu.

Hatua ya 6: Valvu inapata umeme?

Kaa karibu na friji wakati mashine inaomba maji. Ukisikia valvu inavuma lakini maji hayaingii, umeme unafika ila maji hayapo au njia imeziba. Usiposikia chochote, huenda koili ya valvu imeungua au amri haifiki.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kupima mwenyewe. Chomoa plagi, toa waya za valvu, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ncha mbili za koili. Valvu ya umeme wa volti 120 husoma kati ya omu 200 na 500. Ya volti 220 hadi 240 husoma juu zaidi, mara nyingi maelfu. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, nunua valvu nyingine. Linganisha volti iliyoandikwa kwenye kipuri na ile ya zamani kabla ya kulipa. Kufungia valvu ya volti 120 kwenye friji ya volti 230 ni kuiunguza siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Mashine yenyewe

Umefika hapa, maji yapo, baridi ipo, valvu inafanya kazi. Sasa ndiyo tuiangalie.

Tazama trei. Kama barafu ipo ndani imeganda lakini haidondoki, kagua ukoko mweupe wa chumvi kwenye kuta za trei. Ukoko hushika barafu, meno yanasukuma yanashindwa, mota inakwama. Mimina maji ya uvuguvugu kulegeza barafu, ifute trei kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, uisuuze mara kadhaa. Usikwangue kwa chuma. Rangi laini ya juu ikibanduka, kila kipande kitang'ang'ania. Kama trei ni safi na bado haidondoshi, huenda hita au thamostati imekufa.

Kama kuna kipande kimoja kimekwama chini ya meno, kitoe kwa mkono friji ikiwa imechomolewa. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko na kukaa saa nyingi, vipande vya trei na vya ndoo huyeyuka nusu, na ukirudi vinaganda pamoja kuwa bonge. Mkono wa waya unabaki umeganda ndani ya bonge hilo na mashine inaamini ndoo imejaa. Kwa hiyo baada ya kila mkatiko mrefu, fanya mazoea ya kumwaga ndoo. Na friji iwe kwenye gadi, kile kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha.

Friji yenye senso ya mwanga, futa vioo viwili vidogo vinavyotazamana, kwa kitambaa kikavu. Ukungu wa theluji juu ya kioo unatosha kuisimamisha mashine. Sehemu za pwani zenye unyevu, mlango ukifunguliwa kila dakika, ukungu huo hurudi.

Mashine nyingi za kisasa zina kitufe cha majaribio mbele au chini yake. Kibonyeze na kukishikilia sekunde kadhaa, hadi kengele ilie au trei ianze kugeuka. Itajipindua, itarudi, kisha itaomba maji. Isipofanya lolote, na umeme unafika, basi imekufa kweli.

Ukisoma barafu yenyewe

Vipande vidogo au vyembamba: presha ndogo au filta imeziba. Vyenye tundu katikati: maji yanayoingia hayatoshi, yanaganda nje na kudondoshwa kabla ya ndani kushika. Vilivyoungana kama ubao: maji yanazidi, au friji imeinama, trei haiko sawa, weka pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, juu ya friji. Vyenye harufu ya samaki: ndoo haijaoshwa, au samaki hawajafungwa vizuri, kwa sababu barafu hunyonya harufu za friza. Vyeupe katikati ni hewa na madini tu, mashine haina tatizo.

Friji iliyotoka nje

Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50, yaani umeme hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Dubai na Oman nazo ni hezi 50, kwa hiyo friji ya huko hutulia bila shida. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Saudi Arabia nayo ni hezi 60. Watu wanaoleta friji ya Marekani hununua transfoma, wanashusha volti, wanadhani wamemaliza. Transfoma haibadilishi hezi.

Kwenye mashine za barafu za zamani zenye mota inayofuata mwendo wa umeme, hezi 50 huizungusha kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi iliyokusudiwa. Sekunde 7 na nusu za kujaza zinakuwa 9. Mililita 140 zinakuwa karibu 170. Trei inafurika, maji yanamwagikia ndooni, barafu inakuwa ubao. Mashine hizo nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha maji chini ya kifuniko cha mbele, yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Chomoa plagi, izungushe nusu duara kuelekea kutoa, subiri mizunguko michache uangalie. Usizidishe duara moja.

Friji ya tanki la ndani

Zipo friji ambazo haziungwi na bomba; una tanki dogo unalijaza kwa mkono. Kwa mazingira yetu mimi nazipenda kuliko zile nyingine, kwa kuwa presha haikuhusu na unaamua mwenyewe maji gani yaingie. Ikigoma, toa tanki uliingize tena hadi likae kabisa, safisha kichujio chake kidogo, hakikisha maji yako juu ya alama ya chini. Halafu sikiliza kama pampu yake ndogo inavuma.

Maji ya barafu ni maji ya kunywa

Hili sitaki upite nalo haraka. Kugandisha hakuui vijidudu. Maji yasiyofaa kunywewa yakiwa maji, hayafai yakiwa barafu, na kipindupindu hupita humohumo. Filta nyingi za friji ni za mkaa: zinaondoa ladha ya klorini, harufu na tope, lakini haziui bakteria. Kama nyumbani kwako mnachemsha maji ya kunywa, basi usiunge mashine ya barafu moja kwa moja kwenye tanki. Weka mtambo wa kuchuja wa utando au wa taa ya UV kabla ya friji, au tumia friji ya tanki la ndani na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani ashikilie hili zaidi ya yote niliyoandika. Ndoo ya barafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila mwezi, uikaushe kabisa kabla ya kuirudisha.

Ukimwita fundi

Muite kwa theluji nene ukuta wa nyuma, kwa friza isiyopoa hata baada ya kusafishwa, kwa hita au bodi ya umeme, na kwa chochote kinachogusa gesi. Mweleze ulichokwishapima: ubaridi ni nyuzi ngapi, maji yametoka mililita ngapi kwa sekunde 10, valvu imesoma omu ngapi. Fundi mzuri atafurahi. Anayesema tubadilishe mashine bila hata kuuliza maji yanatoka wapi, muombe kwanza apime presha mbele yako.

Mashine ikisharudi kazini, acha barafu ya mizunguko miwili mitatu ya kwanza idondoke uimwage yote, maana inabeba uchafu uliochokonolewa kwenye mrija na siki iliyobaki kwenye trei.